Kilichobaki Ndani ya Kigae

Mpishi wa kale hakuacha maandishi. Wafalme walichongewa mawe na wafanyabiashara waliweka hesabu zao, lakini mtu aliyekaa mekoni miaka 3,000 iliyopita, akichochea moto chini ya chungu, hakuacha jina wala neno. Alichoacha ni vigae. Chungu kilipopasuka kilitupwa jalalani, na kwa kuwa udongo uliochomwa hauozi, vipande vyake vimejaa ardhini kila mahali walipoishi watu waliojua kufinyanga. Katika machimbo mengi ya akiolojia hakuna kinachofukuliwa kwa wingi kama vigae.

Kwa muda mrefu vigae hivyo vilisomwa kwa nje tu. Wataalamu walipima unene wake, wakachora nakshi, wakalinganisha midomo ya vyungu, kisha wakavipanga kwa mitindo na kuipa mitindo hiyo majina ya mahali ilipotambuliwa. Ndivyo tulivyopata ufinyanzi wa Narosura na ule wa Elmenteita, majina mawili ya Kenya ambayo kila mwanafunzi wa historia ya wafugaji wa Afrika Mashariki hukutana nayo. Kwa njia hiyo ilijulikana nani alifanana na nani, na nani alimtangulia nani. Lakini swali ambalo mtoto angeliuliza kwanza, kwamba chungu hiki kilipikiwa nini, lilikosa jibu. Tena vigae vilisuguliwa kwa brashi na maji ili nakshi zionekane vizuri, na ukoko ulioganda ndani ukaenda zake na maji machafu.

Yeyote aliyewahi kunywa maji ya mtungi anajua kwamba udongo uliochomwa una vinyweleo. Maji hupenya ukutani, hutokeza nje, hukauka kwa upepo, na ndiyo maana mtungi hubaki baridi. Vinyweleo hivyo hivyo hunywa mafuta. Nyama ikichemka, mafuta yake huyeyuka, huelea juu ya mchuzi na kuingia katika udongo, hasa pale karibu na mdomo wa chungu. Maji yatakauka, mafuta hayatoki. Hata chungu kikizikwa, mvua inayopita ardhini haiwezi kuyasomba, kwa sababu mafuta hayachanganyiki na maji. Yakishajificha katika vitundu vidogo mno, vijidudu vya kuozesha navyo havivifikii kwa urahisi. Wanga husombwa mapema, protini nyingi huvunjika, lakini sehemu ya mafuta huweza kukaa humo kwa maelfu ya miaka.

Wazo la kuyatafuta mafuta hayo lilipata nguvu Ufaransa. Mwaka 1976 J. Condamin na wenzake walichapisha uchunguzi wa mitungi ya kale iliyotumika kusafirishia bidhaa katika Bahari ya Mediterania. Walisaga vipande vya kuta za mitungi, wakavichuja kikemia, na humo wakakuta asidi za mafuta ya zeituni. Mafuta hayakuwa yameganda juu juu. Yalikuwa yamezama ndani ya ukuta wenyewe. Kwa biashara ya kale jambo hilo lilikuwa kubwa, kwani mtungi mtupu sasa uliweza kutaja shehena yake.

Hata hivyo mtungi wa biashara ni shahidi mwepesi: ulibeba kitu kimoja, mara nyingi safari moja. Chungu cha nyumbani ni kazi nyingine kabisa. Leo kimepikiwa nyama, kesho mboga, keshokutwa vyote pamoja, na hivyo kwa miaka. Aliyeichukua kazi hiyo kwa subira ni mkemia Mwingereza Richard Evershed, ambaye baadaye aliijenga maabara ya Chuo Kikuu cha Bristol ikawa mojawapo ya vituo vikubwa vya elimu hii duniani. Mwaka 1991 yeye na wenzake walieleza vigae vya West Cotton, kijiji cha Zama za Kati katika jimbo la Northamptonshire, ambavyo vilikuwa na nta ya majani ya jamii ya kabichi. Kila jani lina utando mwembamba wa nta unaolizuia kukauka, na nta hiyo hutofautiana kwa aina ya mmea. Vitabu vya zamani havijali kabichi ya mkulima. Chungu kilikuwa kimeihifadhi.

Kilichonivutia zaidi katika kazi hiyo ni kile kilichofuata. Watafiti hawakuridhika na matokeo ya vigae vya kale peke yake. Walifinyanga vyungu vipya vya mfano, wakapikia kabichi humo tena na tena, kisha wakapima nta iliyoingia kila sehemu ya ukuta. Waliona kwamba sehemu ya juu ilinywa nyingi kuliko kitako, sawa na vyungu vya kale. Huo ndio uaminifu ninaouheshimu katika sayansi hii: kabla ya kumsemea mpishi aliyekufa, pika kwanza wewe mwenyewe.

Kazi ya maabara inahitaji mikono mitulivu. Mtafiti huchukua kipande kidogo cha kigae, huuparua uso wake ili kuondoa udongo wa shambani na uchafu wa mikono, halafu hukisaga kwenye kinu kidogo. Gramu mbili za unga wake zinatosha. Unga huo huoshwa kwa viyeyusho, zamani zaidi klorofomu na methanoli, siku hizi mara nyingi methanoli yenye asidi, ambavyo huyatoa mafuta katika udongo. Kiyeyusho hukaushwa, na kinachobaki huingizwa katika mashine ya kromatografia ya gesi. Ndani yake kuna mrija mwembamba kama unywele, wenye urefu wa mita kadhaa, unaopashwa moto polepole. Molekuli nyepesi huufikia mwisho wa mrija mapema, nzito huchelewa, na kila kundi hutoka kwa wakati wake. Hapo spektrometa ya tungamo huzivunja na kupima vipande vyake, na kwa vipande hivyo mkemia hutambua ni kitu gani alichonacho.

Mafuta anayoyapata ni machache mno. Katika maabara nyingi kigae chenye mafuta chini ya sehemu tano za milioni za gramu kwa kila gramu moja ya udongo huwekwa kando, kwa kuwa hakiaminiki. Kwa kiasi kidogo namna hiyo, kila kitu ni hatari. Kidole cha mchimbaji huacha skwalini, mafuta ya ngozi ya binadamu. Mfuko wa plastiki alimohifadhia kigae huacha kemikali za kulainishia plastiki. Mkemia akiiona skwalini kwa wingi anajua kwamba anamsoma mchimbaji aliyeshika kigae jana, na mpishi bado hajasema lolote. Kwa sababu hiyo vigae bora kwa kazi hii ni vile ambavyo havijaoshwa, vimeguswa kidogo, na vimefungwa katika karatasi ya alumini.

Kuna jambo jingine ambalo mashine hizi hutambua, nalo ni moto. Asidi za mafuta zikipashwa zaidi ya nyuzi 300 za Selsiasi zikiwa zimegusana na madini ya udongo, huungana mbili mbili na kuzaa ketoni ndefu ambazo hazimo katika chakula kibichi. Zikionekana katika kigae, chungu hicho kilipikiwa kweli. Samaki nao wana alama yao: mafuta yao yakipashwa moto hujikunja na kuwa asidi zenye pete, ambazo hudumu kuliko mafuta ya awali. Kwa alama kama hizo, mwaka 2013 Oliver Craig wa Chuo Kikuu cha York na wenzake walionyesha kwamba wawindaji wa kipindi cha Jomon huko Japani walitumia vyungu vyao, ambavyo baadhi vina umri wa kama miaka 15,000, hasa kupikia viumbe wa majini. Watu hao hawakuwa na shamba wala mfugo. Chungu, basi, kilitangulia kilimo.

Maziwa ndiyo yaliyowasumbua wanakemia kupita vyote. Mafuta ya maziwa mabichi yana asidi fupi zinazoyapa harufu yake, na hizo zingeyatambulisha mara moja. Lakini asidi fupi huyeyuka katika maji na hupotea mapema. Baada ya miaka elfu moja ardhini, samli na mafuta ya nyama huonekana mamoja: hubaki asidi mbili ngumu, palmitiki na steariki. Mtu angeweza kushika mkononi kigae cha chungu cha maziwa na kigae cha chungu cha mchuzi asijue kipi ni kipi.

Jibu lilipatikana Bristol mwaka 1998, katika makala ya Stephanie Dudd na Evershed yaliyochapishwa na jarida la Science. Ili kulielewa inabidi tuingie tumboni mwa ng'ombe. Kaboni ya asili ina aina mbili zisizobadilika, nyepesi ya 12 na nzito ya 13, na hiyo nzito ni kama asilimia moja tu. Katika nyasi ileile, mafuta ya jani yana kaboni nzito pungufu kuliko wanga wake. Ng'ombe, mbuzi na kondoo, wanyama wanaocheua, hutengeneza asidi ya palmitiki miilini mwao kwa malighafi inayotokana na wanga. Asidi ya steariki ya nyama nayo hutengenezwa zaidi mwilini kwa njia hiyo. Kiwele, hata hivyo, hakiwezi kutengeneza steariki. Inapohitajika kwa ajili ya maziwa, sehemu kubwa huchukuliwa moja kwa moja kutoka katika mafuta ya majani yaliyoliwa, baada ya vijidudu vya tumboni kuyageuza. Kwa hiyo steariki ya maziwa huwa na kaboni nzito pungufu kuliko steariki ya nyama ya mnyama yuleyule. Ukiitoa palmitiki katika steariki, tofauti ikizidi upungufu wa sehemu tatu na kidogo kwa elfu, hayo ni maziwa.

Napenda msomaji aone kwa nini wanapima tofauti ya asidi mbili, badala ya kuridhika na asidi moja. Nyasi za nyika za kitropiki, pamoja na mtama, uwele na mahindi, zina njia ya kutumia jua inayoziachia kaboni nzito nyingi kuliko mimea ya nchi za baridi. Ng'ombe wa Narok na ng'ombe wa Uingereza wana vipimo vya kaboni vilivyo mbalimbali sana. Lakini malisho huzisogeza asidi zote mbili pamoja, na tofauti baina yao haibadiliki. Bila hila hiyo mbinu iliyobuniwa kwa ng'ombe wa Ulaya isingetufaa Afrika.

Kipimo hicho kilipopatikana, nadharia iliyokuwa imetawala ilianza kuyumba. Mwaka 1981 mwanaakiolojia Andrew Sherratt alikuwa amependekeza kwamba wafugaji wa kwanza wa Asia Magharibi na Ulaya walifuga kwa ajili ya nyama tu, na kwamba maziwa, sufu na nguvu za ng'ombe wa kulima vilikuja maelfu ya miaka baadaye. Ilikuwa nadharia nzuri, yenye hoja. Mwaka 2008 timu ya Evershed ilichapisha uchunguzi wa vigae zaidi ya 2,200 kutoka Asia Magharibi na kusini mashariki mwa Ulaya, na maziwa yakaonekana katika milenia ya saba kabla ya Kristo, kwa wingi zaidi kaskazini magharibi mwa Uturuki, ambako ng'ombe walikuwa wengi. Nchini Poland nako kulikuwa na vyungu vya ajabu vyenye matundu mengi ambavyo Peter Bogucki, tangu miaka ya 1980, alisema vilikuwa vichujio vya jibini. Wengine walidhani ni vya kazi nyingine. Mwaka 2013 Mélanie Salque na wenzake walikuta humo mafuta ya maziwa, na Bogucki akawa amethibitishwa baada ya kungoja karibu miaka thelathini.

Sasa tushuke Afrika, kwani hapa swali lilikuwa na uzito wake wa pekee. Kusini magharibi mwa Libya, katika milima ya Tadrart Acacus, kuna picha za kale zilizochorwa kwenye miamba: ng'ombe wa madoadoa, watu wakiwachunga, viwele vilivyochorwa kwa makini. Jangwa lile halikuwa jangwa. Kuanzia kama miaka 10,000 hadi 5,000 iliyopita Sahara ilipata mvua, ikawa na maziwa ya maji, viboko na nyasi. Picha zilisema kwamba watu wa huko walikuwa na ng'ombe na kwamba ng'ombe hao walithaminiwa. Lakini rangi ya mwamba ni ngumu kuipa tarehe, na ng'ombe mwenye kiwele kikubwa hathibitishi kwamba kuna aliyemkamua.

Katika milima hiyo Savino di Lernia wa Chuo Kikuu cha Sapienza, Roma, alichimba makazi yaliyo chini ya mwamba uitwao Takarkori, mahali pakavu kiasi kwamba hata miili ya wanawake wawili waliozikwa humo miaka kama 7,000 iliyopita ilihifadhika yenyewe. Julie Dunne wa Bristol alipima vigae 81 vya hapo, na majibu yakatoka katika jarida la Nature mwaka 2012. Vyungu vya milenia ya tano kabla ya Kristo vilikuwa na mafuta ya maziwa. Vipimo vya kaboni vilitawanyika sana, ishara kwamba mifugo ilikula nyasi za mahali na majira tofauti, kama inavyokuwa kwa watu wanaohama na malisho. Huo ulikuwa ushahidi wa kwanza wa moja kwa moja kwamba Waafrika wa Sahara ya kijani walikamua wanyama wao na kuyapika au kuyahifadhi maziwa chunguni.

Miaka michache baadaye Dunne alirudi kwenye vigae vya Takarkori na vya Uan Afuda jirani, vile vya kale zaidi, kabla ya ng'ombe kutawala maisha ya huko. Katika vigae 110 zaidi ya nusu vilikuwa na alama za mimea peke yake: punje za nyasi pori, majani, mimea ya majini. Watu hao hawakulima. Walichuma, wakasaga, wakapika, miaka ipatayo 10,000 iliyopita. Mimi naliona hilo kuwa na uzito sawa na habari ya maziwa, maana uji na mboga huacha dalili hafifu, na historia ya chakula chetu imezoea kumsifu mwindaji na kumsahau mchumaji.

Na Nigeria nako, vigae zaidi ya 450 vya utamaduni wa Nok, ule unaojulikana kwa sanamu zake za udongo, vilipimwa na timu ya Bristol pamoja na wachimbaji wa Chuo Kikuu cha Goethe cha Frankfurt. Karibu theluthi moja vilikuwa na nta ya nyuki. Asali ya Afrika Magharibi ikapata umri wa miaka 3,500.

Kwetu Afrika Mashariki majibu yalichelewa hadi mwaka 2020. Ng'ombe, kondoo na mbuzi waliingia Kenya kutoka kaskazini miaka kama 5,000 iliyopita na kusambaa kusini. Mojawapo ya makazi makubwa ya wafugaji hao, na ya kusini kuliko mengine yanayojulikana vizuri, ni Luxmanda, katika nyanda za juu za Mbulu nchini Tanzania, yenye umri wa kama miaka 3,000. Jingine ni Ngamuriak, katika nchi ya Narok, lililochimbwa na Peter Robertshaw na Fiona Marshall, ambako mifupa ilionyesha jamii iliyoishi kwa mifugo karibu kabisa. Katherine Grillo, Julie Dunne, Marshall, Mary Prendergast na wenzao, wakiwemo Watanzania Agness Gidna na Audax Mabulla, walikusanya vigae 125 kutoka maeneo manne ya Kenya na Tanzania na kuvipima.

Wengi wangetarajia maziwa kila mahali. Tangu enzi za wasafiri wa kikoloni mfugaji wa Afrika Mashariki ameelezwa kuwa mtu wa maziwa na damu, na maelezo hayo yamerudiwa katika vitabu vya shule mpaka yakawa kama sheria ya maumbile. Vigae havikusema hivyo. Sehemu kubwa ya mafuta ilikuwa ya nyama, mifupa na uboho wa wanyama wanaocheua. Mimea ilikuwemo, nayo haikuwa nadra. Maziwa yalikuwemo pia, yakathibitishwa waziwazi, lakini yalikuwa katika vyungu vichache.

Je, wafugaji hao walikunywa maziwa kidogo? Hapo ndipo kemia peke yake ingeweza kutupotosha, na hapo ndipo wazee wa Samburu walipotuokoa. Kabla ya vipimo hivyo Grillo alikuwa ameishi na kufanya utafiti Samburu, kaskazini mwa Kenya, akiuliza vyungu vilitumikaje kabla ya sufuria za bati kuenea. Aliambiwa na kuona kwamba chungu kilikuwa chombo cha nyama: kuchemshia mifupa, kutolea mafuta, kuhifadhia mafuta hayo. Maziwa yalikaa kwingine, katika vibuyu na vyombo vya mti vilivyofukizwa kwa moshi. Wamasai wana vibuyu vyao, na Wakalenjin huandaa mursik katika kibuyu kilichosuguliwa ndani kwa mkaa wa mti maalumu. Kibuyu huoza. Miaka mia tatu ardhini inatosha kukimaliza, na maziwa yake yote huenda nacho. Ukiona maziwa machache katika vigae, basi, huwezi kusema maziwa yalikuwa machache. Unaweza kusema tu kwamba hayakupikwa chunguni mara nyingi.

Ushahidi mwingine uliunga mkono wazee. Mwaka 2021 Madeleine Bleasdale na wenzake walipima ugaga ulioganda kwenye meno ya watu wa kale na kukuta humo protini za maziwa: huko Kadruka nchini Sudan miaka kama 6,000 iliyopita, na katika Mlima Lukenya, Kenya, zaidi ya miaka 3,000 iliyopita. Meno hayakutegemea chombo. Yalihifadhi kilichopita mdomoni, kiwe kimetoka katika chungu, kibuyu au kiganja.

Damu nayo ina ushuhuda wake. Watu wazima wengi duniani hawawezi kumeng'enya sukari ya maziwa vizuri. Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake walichunguza Watanzania, Wakenya na Wasudani 470 na kugundua kwamba wafugaji wa Afrika Mashariki wana badiliko lao la jeni linalowawezesha, lisilo lile la Wazungu, lililoenea kwa kasi kubwa katika miaka 7,000 hivi iliyopita. Miaka 12 baadaye Prendergast na wenzake waliposoma DNA ya wafugaji wa kale wa Kenya na Tanzania walimkuta mtu mmoja mwenye badiliko hilo, katika pango la Gishimangeda, Tanzania kaskazini, aliyeishi miaka kama 2,000 iliyopita. Maziwa, basi, yalitangulia jeni. Watu waliyanywa karne nyingi kabla miili yao haijabadilika, na hapa kibuyu kinarudi tena, kwani maziwa mgando yana sukari pungufu na tumbo huyapokea kwa wepesi zaidi. Ulaya mfuatano ulikuwa huohuo: mwaka 2022 Evershed na timu kubwa walikusanya mabaki ya mafuta 6,899 kutoka vigae 13,181, wakaona maziwa yametumika tangu kama mwaka 7000 kabla ya Kristo, ilhali jeni halikuwa la kawaida hadi karibu mwaka 1000 kabla ya Kristo. Walihitimisha kwamba njaa na maradhi ndivyo vilivyoliongezea nguvu, pale ambapo sukari ya maziwa isiyomeng'enywa iliweza kumuua mtu aliyekwisha kudhoofu.

Mbinu yenyewe inaendelea kukua. Tangu mwaka 2020 inawezekana kuyapa mafuta ya ndani ya kigae tarehe kwa kaboni ya 14, asidi moja moja, kama Emmanuelle Casanova na wenzake wa Bristol walivyofanya kwa vigae vya Shoreditch, London, vikaonekana kuwa na umri wa miaka kama 5,500. Maana yake kigae kisicho na mkaa wala mfupa jirani kinaweza kutaja siku zake mwenyewe. Kwa nchi zetu, ambako maeneo mengi ya kale yamechimbwa haraka au yamevurugwa na jembe, uwezo huo ni wa thamani kubwa.

Lakini mashine haitatosha. Vigae vya Luxmanda na Ngamuriak vilieleweka kwa sababu kulikuwa bado na watu Samburu waliokumbuka chungu ni cha nini na kibuyu ni cha nini. Bila wao tungeandika, kwa takwimu safi na kwa makosa, kwamba mababu wa wafugaji hawakuyajali maziwa. Kumbukumbu hiyo inapungua kila mwaka. Wanawake wa Kikisi wa Ikombe, kando ya Ziwa Nyasa, bado wanafinyanga na kuuza vyungu vyao soko la Matema, na katika vijiji vingi vya Kenya, Uganda na Kongo bado yuko bibi anayejua chungu kipi ni cha mboga, kipi ni cha nyama, na kwa nini havichanganywi. Mengi ya hayo hayajaandikwa.

Kwa hiyo nina maombi mawili. Kwa anayejenga au kulima na kukuta vigae vingi mahali pamoja: usivioshe, usivitie katika mfuko wa plastiki, mwite mtu wa mambo ya kale wa wilaya yako au wa makumbusho ya taifa. Na kwa mwenye bibi aliyewahi kupikia chungu: kaa naye, muulize alipika nini, katika chombo gani, kwa moto wa kuni zipi, na uandike anachokujibu.